Kansa ya utumbo ikifika kwenye ini, ulizeni majibu ya jeni kabla hamjauza shamba

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa timu nzima hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni maabara ya patholojia, wale tunaokata vinyama vya wagonjwa na kuvipaka rangi ili daktari aviangalie kwenye hadubini. Makala yenu ya juzi kuhusu kansa ya utumbo mpana iliyosambaa mpaka kwenye ini ilianza vizuri sana, mkaeleza dalili, mkawasema wale wanaotibu kila damu ya chooni kama bawasiri au amiba, na wale wanaompa mzee wa miaka 60 vidonge vya kuongeza damu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu bila kujiuliza hiyo damu inakwenda wapi. Hapo nikasema safi, hawa wamefanya kazi. Ila mlipofika kwenye mambo ya jeni mkatuangusha. Mmeandika mgonjwa akikutwa na mabadiliko kwenye jeni inayoitwa KRAS basi familia ijiandae. Ijiandae na nini hamkusema, ila kila mtu kaelewa.

Mhariri, gazeti linasomwa mpaka na anayefungiwa maandazi. Juzi kuna dada kaja dirishani kwetu, ule ukurasa kaukunja kwenye pochi pamoja na majibu ya baba yake. Majibu yenyewe ni karatasi moja ya Kiingereza, katikati imeandikwa KRAS G12D, basi, hakuna mtu aliyekaa naye akamwambia hicho ni kitu gani. Ananiuliza, "Kaka samahani, hii ndo ile ya kwenye gazeti?" Nikamwambia ndiyo dada yangu ni hiyo hiyo, ila gazeti halijamaliza maelezo. Kanieleza kwamba kaka zake wameshasimamisha mchango wa ukoo, kwenye grupu la WhatsApp wanasema hela ya nini tena, mzee arudishwe kijijini akapumzike. Mzee mwenyewe anatembea, ugali anakula, na madoa kwenye ini ni mawili tu na yote yako upande mmoja. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa ini kabla mtu yeyote hajafunga mjadala, na mjadala umefungwa na sentensi moja ya gazeti.

Sasa naomba nafasi nieleze kwa lugha yetu, maana hili jambo likielezwa vibaya linaua, na likielezwa vizuri linaokoa hela na pengine miaka ya mtu.

Kwanza kwa nini ini. Damu inayotoka utumboni ikiwa imebeba chakula hairudi moyoni moja kwa moja, inapitishwa kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, kwahiyo seli za kansa zikibanduka kule utumboni mahali zinapokwama kwanza mara nyingi ni hapo. Karibu mgonjwa mmoja kwa kila watano anagundulika ini likiwa limeshaguswa, na wengine inawatokea baadaye, uvimbe wa utumbo umeshatolewa, watu wameshasherehekea. Na hiyo inabaki kuwa kansa ya utumbo hata ikiwa imekaa kwenye ini, dawa zake ni za utumbo, hapa watu wanachanganya sana mpaka unakuta ndugu wote wamekimbilia kupima homa ya ini.

Haya, jeni. KRAS kila mtu anayo, mimi ninayo na wewe Mhariri unayo. Ni jeni ya kawaida inayotengeneza protini ndogo ambayo kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka juu ya seli kwamba sasa kua, sasa gawanyika, ikishaupitisha inajizima. Kwenye kansa kinachotokea ni herufi moja kubadilika. Moja tu. Hiyo G12D ya yule mzee maana yake ni kwamba kwenye maandishi ya jeni herufi ya 35 iliyotakiwa kuwa G imekuwa A, basi protini inapata kiungo tofauti kwenye nafasi ya 12 na kujizima haiwezi tena. Karibu wagonjwa 40 kwa kila 100 wa kansa ya utumbo mpana wana mabadiliko ya KRAS kwenye uvimbe wao, kwahiyo mkiwaambia wote hao wajiandae mmeshazika karibu nusu ya wodi.

Umuhimu mkubwa wa kujua KRAS uko kwenye dawa. Kuna dawa mbili za dripu, cetuximab na panitumumab, bei yake inamtisha hata mwenye bima. Cetuximab iliruhusiwa Marekani mwaka 2004, panitumumab ikafuata 2006, na miaka ile ya mwanzo walikuwa wanashangaa kwa nini wengine zinawasaidia na wengine hawaambulii kitu zaidi ya vipele usoni. Mwaka 2008 tafiti kubwa ndo zikathibitisha kwamba mwenye KRAS iliyobadilika hapati faida yoyote, na 2013 ikaongezwa kwamba haitoshi kuangalia ile sehemu moja ya KRAS iliyozoeleka, kuna sehemu nyingine za jeni hiyo hiyo na kuna ndugu yake anaitwa NRAS, wote wapimwe. Sababu yake ni rahisi ukiielewa. Dawa hizi zinakaa juu ya seli kwenye kipokeo kinachoitwa EGFR zikizuia ujumbe usiingie. Ni kama kengele ya getini, umeweka mlinzi azuie watu wasibonyeze kitufe kumbe waya zimeshagusana huko ndani, kengele inalia usiku kucha na mlinzi yupo getini anakula mshahara.

Na hasara yenyewe haiishii kwenye hela. Kwenye utafiti wa panitumumab uliotoka 2013, wagonjwa wenye RAS iliyobadilika (RAS ni KRAS na NRAS kwa pamoja) waliopewa dawa hiyo juu ya kemo ya kawaida inayoitwa FOLFOX, nusu yao walikuwa wameshafariki kufikia miezi 15.6, wakati waliopewa kemo hiyo hiyo peke yake ilikuwa miezi 19.2. Soma tena. Waliopewa dawa ya gharama ndo walifanya vibaya zaidi.

Sasa hapa ndo penye hasira yangu na ndo sababu ya barua hii. Nimeshaona familia imeuza shamba, imenunua dozi za cetuximab moja baada ya nyingine, alafu kipimo cha jeni kinakuja kufanyika baadaye, tena kwa sababu hospitali ya India imekiomba kabla ya kumpokea mgonjwa, majibu yanatoka KRAS imebadilika. Shamba limekwenda, mzee kaambulia vipele, na hakuna aliyeulizwa swali. Sitaji ni wapi maana sitaki kesi, na kusema kweli siyo sehemu moja. Kinachofanyika ni kwamba dawa inaandikwa leo na kipimo kinaambiwa kitafuata, na ndugu wa mgonjwa hawana namna ya kujua kwamba mpangilio huo umepinduliwa, wanaona daktari kaandika dawa ya kisasa wanasema Mungu mkubwa. Kipimo kinafanyika mara moja. Dawa inalipiwa kila wiki au kila wiki mbili. Hata kwa hesabu za sokoni tu, kipi kitangulie?

Mwenye KRAS iliyobadilika bado ana kemo ya kawaida, FOLFOX au FOLFIRI au vidonge vya capecitabine na oxaliplatin, na kuna bevacizumab inayobana mishipa ya damu ya uvimbe, zote hizo hazijali KRAS ikoje. Na hata mwenye KRAS nzima kama kansa yake ilianzia upande wa kulia wa utumbo, cetuximab haimsaidii vizuri kama aliyeanzia kushoto, kwahiyo kuna maswali mawili ya kumuuliza daktari kabla ya kutoa hela, jeni ikoje na ilianzia upande gani.

Tukija kwenye kuishi sasa, maana ndo mlichokiandika. Mwaka 1999 pale New York hospitali ya Memorial Sloan Kettering, daktari Fong na wenzake walitoa hesabu ya wagonjwa 1001 waliokatwa sehemu ya ini kwa sababu ya kansa iliyotoka utumboni. Baada ya miaka mitano walikuwa hai 37 kwa kila 100, na miaka kumi 22 kwa kila 100. Miaka kumi Mhariri, watu wa hatua ya nne, na hiyo ni kabla ya dawa nyingi za sahivi. Walitengeneza na maswali matano ya kukadiria nani atakwenda mbali: kansa ilikuwa imefika kwenye tezi za jirani na utumbo au la, imerudi kwenye ini kabla ya mwaka kuisha, madoa ni zaidi ya moja, doa kubwa limezidi sentimita tano, na kile kipimo cha damu CEA kimezidi 200. Jeni haimo hata moja, maana wakati huo hakuna aliyekuwa anazipima kwa kazi hiyo.

Jeni zikaja kuingia baadaye. Mwaka 2013 Houston, pale MD Anderson, timu ya daktari Vauthey iliangalia wagonjwa 193 waliokatwa ini baada ya kemo. Wenye RAS nzima walikuwa hai 81 kwa kila 100 baada ya miaka mitatu, wenye RAS iliyobadilika 52. Tofauti ni kubwa, sitaki kumdanganya mtu, na atakayekuambia jeni haina maana kwenye kuishi naye muogope. Ila hiyo 52 ndo namba mliyotakiwa kuiandika, zaidi ya nusu ya hao mliowaambia wajiandae walikuwa wanapumua baada ya miaka mitatu, wengine wameozesha watoto. Tena kilichowapata zaidi wenye RAS iliyobadilika kilikuwa kansa kurudi kwenye mapafu, kwenye ini lenyewe tofauti haikuwa kubwa. Daktari anayejua hilo anajua pa kuchungulia, anaagiza siti skani ya kifua kwa ratiba na doa likionekana dogo linashughulikiwa likiwa dogo. Na mpasuaji naye anajua akate kwa nafasi zaidi pembeni ya uvimbe, kwa sababu kansa za RAS zina tabia ya kuacha mabaki kwenye kingo.

Niongeze na hili, hao wote ni wagonjwa waliochaguliwa, waliofaa kupasuliwa, kwahiyo namba zao huwezi kumpa mtu ambaye ini lote limejaa. Lakini pia huwezi kumpa namba za aliyejaa ini zima mtu mwenye madoa mawili, na ndo mlichofanya nyie.

Mwaka 2018 kundi la Johns Hopkins kule Baltimore wakatoa hesabu mpya inayoitwa GAME, inachanganya jeni na sura ya ugonjwa. KRAS iliyobadilika imepewa alama moja. Kansa kuwa imeshatoka nje ya ini imepewa mbili. CEA ya 20 kwenda juu moja, kansa kufika kwenye tezi za jirani na utumbo moja, na ukubwa na idadi ya madoa vikichanganywa unaweza kupata moja au mbili. Yaani KRAS ni mjumbe mmoja kwenye kikao, ana kura yake, ila hawezi kuamua peke yake kama mlivyompa uenyekiti kwenye makala yenu.

Alafu jeni hazitembei peke yake. Tangu 1990 watafiti Fearon na Vogelstein walishaonyesha kwamba kansa ya utumbo inapanda ngazi, jeni ya APC inaharibika, KRAS inabadilika, mwisho TP53 ambayo ndiyo polisi wa seli naye anaondoka kazini, na inachukua miaka mingi ndo maana kipolipu, kile kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, kikiondolewa mapema kansa haifiki. Kwa waliokatwa ini imeonekana RAS na TP53 zikiwa zimebadilika zote mbili hali ni ngumu kuliko RAS peke yake, na jeni nyingine ya SMAD4 ikijumlishwa hapo ndo inazidi. Kwahiyo karatasi inayosema KRAS tu ni nusu ya habari.

Mkorofi kweli kweli ni badiliko la jeni nyingine, anaitwa BRAF V600E, na huyu makala yenu haikumtaja kabisa. Wako kama 8 mpaka 10 kwa kila 100 wa kansa iliyosambaa, na kwenye orodha za waliokatwa ini utawakuta wachache sana, kwa sababu wengi wao kansa inakimbia haraka mpaka kwenye utando wa tumbo kabla mpasuaji hajapata nafasi. Hapo ndo neno gumu lingefaa kusemwa. Lakini hata huko wamepata pa kushika, utafiti wa BEACON uliotoka 2019 ulionyesha encorafenib pamoja na cetuximab, waliokuwa wameshashindwa na dawa nyingine, muda wa kuishi wa kati, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 8.4 dhidi ya 5.4 ya matibabu ya zamani. Mtu atasema miezi mitatu ndo nini, muulizeni mama ambaye mtoto wake anafanya mtihani wa fomu foo mwezi wa kumi na moja. Na msichanganye, BRAF ziko aina nyingi, hiyo V600E ndiyo yenye sifa mbaya, kuna nyingine wala hazina ukorofi huo, kwahiyo karatasi ikisema BRAF muulize ni ipi.

Upande wa pili kuna wagonjwa wachache, kama wanne au watano kwa kila 100 wa kansa iliyosambaa, ambao mfumo wao wa kusahihisha makosa ya vinasaba umeharibika, wanaitwa MSI. Hawa mwilini mwao kansa inaonekana na kinga vizuri, na dawa ya kuamsha kinga, pembrolizumab, iliwapa miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga wakati kemo iliwapa 8.2, Marekani wakairuhusu iwe dawa ya kwanza kwao Juni 2020. Wengine kati ya hao wanakaa miaka na ugonjwa umelala. Kuwagundua hakuhitaji mashine ya ajabu, tunapaka rangi protini nne kwenye slaidi, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, ikikosekana moja daktari anajua kuna jambo. Maabara yenye rangi za kansa ya matiti inao uwezo wa kufanya hili ikiletewa vitendanishi, kinachokosekana ni mtu wa kuagiza. Hata KRAS yenyewe, ambayo tangu 1982 walipoijua kwenye kansa za binadamu miaka ikapita watu wanasema haitengenezewi dawa, aina yake moja inayoitwa G12C imeshapata, na kwa kansa ya utumbo dawa zake zimeruhusiwa Marekani kuanzia 2024. Ni wagonjwa kama watatu au wanne tu kwa kila 100, na bei ni ya mbinguni, lakini ile nyimbo ya KRAS haina dawa imeanza kuchuja.

Mtu ataniambia hizo ni habari za Houston na New York, sisi tuko Tanga. Najua. Namba nyingi ni za kwao kwa sababu wao ndo wanapima, na kwa Wamarekani weusi KRAS iliyobadilika imeonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, kwahiyo huwezi kusema halituhusu. Na kwetu wagonjwa wanakuja vijana, wengi hawajafika miaka 50. Jirani zetu Kenya walimpoteza mbunge wa Kibra, Ken Okoth, Julai 2019 akiwa na miaka 41 kwa kansa hii hii ya utumbo. Kijana wa umri huo ana watoto wadogo, ana mkopo, na akienda kituo cha afya na damu chooni anapewa dawa ya bawasiri. Mwingine kabla hajafika hospitali ameshapitia majani ya mstafeli, juisi ya kusafisha mwili na mafuta ya upako, siwacheki, mtu akiogopa anashika chochote, ila miezi sita ya mstafeli ndo inayotenganisha madoa mawili na ini zima.

Niseme kidogo kuhusu upande wetu wa maabara maana lawama nyingine ni za huku. Kinyama kinachotolewa kwenye ini kwa sindano ni chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Kikitoka kinatakiwa kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kikae kati ya masaa 6 na 72, kisha tunakikausha maji na kukizamisha kwenye nta ya moto, ikiganda unapata bloku, kipande kama cha sabuni ndogo ya hotelini, ndani unaona kidoti cheupe au cha kahawia. Hiyo bloku ndo mgonjwa mwenyewe. Tunaikata kwa wembe wa mashine vipande vyembamba kuliko unywele, daktari anazungushia kwa kalamu pale penye kansa, sisi tunakwangua hapo hapo tu ndo tunatoa vinasaba vya kupima. Sasa tunaletewa nini? Kinyama kwenye chupa ya soda, fomalini imechanganywa kwa kukadiria jicho, kimekaa wiki mbili kinasubiri mtu anayesafiri, jina limeandikwa kwa peni ikafutika. Rangi ya kawaida inaweza kukubali, daktari akaona ni kansa. Ila vinasaba vimeshakatika katika vipande vipande na kipimo cha KRAS kinagoma, majibu yanatoka "haikuwezekana", na mgonjwa anaambiwa arudi achomwe sindano upya kwenye ini. Ini halichomwi kama mkono jamani.

Kwahiyo muuguzi au daktari unayesoma hapa, fomalini nzuri na jina lisilofutika, hiyo peke yake ni nusu ya kipimo cha jeni.

Na ndugu wa wagonjwa, bloku ni ya mgonjwa wenu. Mkiambiwa mnaenda Nairobi au India au popote, ombeni bloku iende na barua, na irudi. Kama uvimbe wa utumbo ulishatolewa mwaka juzi bloku yake mara nyingi ipo kabatini na inatosha kupima KRAS, maana kwa kawaida kilichoko kwenye ini kina mabadiliko yale yale ya kule utumboni, hakuna haja ya kumtoboa mtu upya kwa ajili hiyo tu.

Kuna swali naulizwa kila mara na makala haikuligusa. Watoto wake wanayo? Mabadiliko ya KRAS, NRAS na BRAF kwenye uvimbe yametokea ndani ya uvimbe, hayarithiwi, yule dada na kaka zake hawana cha kuogopa kwa sababu ya ile G12D, na hakuna aliyemroga mzee wala hakuna laana ya ukoo. Inayoweza kurithiwa ni ile ya mfumo wa kusahihisha, wanaiita Lynch, ambapo jeni ya mojawapo ya zile protini nne nilizotaja ina kasoro tangu kuzaliwa. Hao familia yao inatakiwa kuanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera wakiwa na miaka 20 na kitu, na kwa wanawake wa familia hiyo kansa ya ukuta wa ndani wa kizazi nayo iangaliwe. Kwahiyo kile kipimo cha rangi nne kinamsaidia mgonjwa na kinawasaidia wadogo zake, alafu ndo kinachosahaulika kuagizwa kuliko vyote.

Ninachoomba kwa watu wa bima ni kitu kimoja. Wekeni sharti kwamba cetuximab na panitumumab hazilipiwi mpaka majibu ya RAS yawe kwenye faili, na hicho kipimo mkilipie nyie wenyewe. Mnaogopa gharama ya kipimo wakati mnalipa dripu zisizofanya kazi, sijui hiyo hesabu mnaifanyia wapi. Na wasio na bima, ambao ndo wengi, hospitali iwape ndugu majibu ya jeni kwa mdomo, kwa Kiswahili, mtu kakaa kwenye kiti, kabla hajaandikiwa dawa ya kununua nje.

Na kwako Mhariri, naomba msahihishe. Andikeni kwamba mwenye KRAS iliyobadilika bado ana kemo, anaweza bado kuwa na upasuaji, ana sababu ya kupigwa picha ya kifua mara kwa mara, na asinunuliwe cetuximab. Hayo manne yanatosha. Iwekeni ukurasa ule ule mlioweka makala, juu, kwa herufi zinazoonekana, msije mkaitupa chini kule pembeni ya matangazo ya viwanja.

Wasalaam,

Msomaji wenu, maabara ya patholojia,
Tanga